Kujenga Ulimwengu wa Riwaya ya Kifantasia Bila Kuitelekeza Riwaya Yenyewe

Mwandishi chipukizi wa riwaya za kifantasia kwa kawaida huanza na ramani, nasaba ya wafalme na majina ya majoka, na mwaka unaweza kupita sura ya kwanza haijaandikwa. Ushauri wangu ni kuanza na badiliko moja tu linaloutenga ulimwengu wako na huu wetu, kisha ulifuate bila kuchoka mpaka lifike jikoni, sokoni na barazani kwa watu wa kawaida.

Chukua mfano wa upepo. Kwa karne nyingi maisha ya mwambao wetu yalikwenda kwa misimu miwili: kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi, inayoanza kushika mwezi wa Aprili, ikavirudisha. Sasa tuseme kwamba katika mji wako kusi haijavuma kwa miaka mitatu, kwa sababu jini mwenye zamu ya kuifungulia amegoma. Usimkimbilie jini, kaa kwanza na mji. Manahodha waliokuja kwa msimu mmoja wamekwama, akiba yao imeliwa, na baadhi yao wameoa ilhali wake zao wa ng'ambo hawajui kama wao ni wajane au la. Boriti za mikoko zilizokatwa kwenye delta ya mto kwa ajili ya kusafirishwa zimelundikana ufukweni, na bei yake imeporomoka kiasi kwamba hata mchuuzi wa maji anajijengea nyumba ya dari. Mwaka wa pili jahazi zilizofika zilikuwa chache, na mwaka wa tatu haikufika hata moja, kwa kuwa watu wa ng'ambo wamekwisha kuona kwamba kinachokwenda huko hakirudi. Tende zimeadimika, na mwezi wa mfungo unakaribia. Kisha yupo mtu aliyekopeshwa mali kwa hati inayosema atalipa kusi itakapoanza, naye anamwambia kadhi, kwa haki kabisa, kwamba deni lake halijaiva.

Hapo tayari una riwaya, na jini hajatokea. Baada ya hatua hiyo jiulize nani ananufaika na hali hiyo, kwa sababu mwenye kunufaika ndiye atakayepinga mwisho wake. Pengine ni mwenye nyumba za kupangisha wageni, anayepeleka ubani kila Alhamisi ili jini aendelee kugoma.

Nguvu za ajabu zinahitaji mpaka, na namna ya kuuweka mpaka huo tunaweza kujifunza kwa wazee wetu. Katika masimulizi ya Fumo Liongo, silaha haimdhuru shujaa isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo maadui hawakuweza kuipata mpaka walipomtumia mwanawe mwenyewe. Udhaifu umewekwa mahali ambapo mtu wa karibu tu ndiye anayeweza kuufikia, kwa hiyo hadithi haina njia nyingine ila kupitia usaliti. Unapobuni nguvu ya mhusika wako, chagua kikomo kitakachomlazimisha kuwategemea au kuwaogopa watu anaowapenda.

Malighafi ya kazi hii imejaa Dar es Salaam, nami naamini kwa dhati kwamba mwandishi anayeishi hapa hana haja ya kuazima majumba ya mawe yenye theluji. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi na mapema, usimame kando ya mnada na kutazama mikono badala ya nyuso. Mnunuzi mzoefu huinua kifuniko cha shavu la samaki kwa kidole gumba, akatazama kama matamvua bado yana wekundu, akabonyeza nyama kuona kama inarudi, na yote hayo huyafanya kabla hajataja bei. Rudi nyumbani na swali moja: ikiwa mji wako unauza ndoto zilizotiwa chupani, mnunuzi atazitambuaje zilizochacha? Ukipata jibu linalofanywa kwa mkono, sura yako imepata uhai. Siku nyingine nenda Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, ambako zimejengwa nyumba za asili za jamii mbalimbali za Tanzania, ukaandike moto unakaa wapi na mlango unamlazimisha mgeni kuinama kiasi gani.

Vipimo na majina visikuchukulie muda mrefu. Pwani tulipima kwa shibiri, pima, pishi na frasila. Buni vyako vichache, viandike ukurasa mmoja, usivibadilishe. Majina yatoke kwenye miti, kazi na matukio ya mahali, kama ilivyo mitaa yetu mingi.

Kuhusu mazoea ya kazi, lililo kubwa ni kutenganisha madaftari mawili, moja la ulimwengu na moja la riwaya, na kulifungua la riwaya kwanza kila siku. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto kuwahi kazini mjini hana saa nyingi za utulivu, hivyo ukurasa mmoja kabla ya daladala ya alfajiri una thamani kuliko Jumamosi nzima inayosubiriwa. Ukikwama kwa sababu hujui sarafu ya mji wako inaitwaje, weka alama pembeni na uendelee. Jibu utalitafuta jioni. Ukihitaji meza na ukimya, Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Maarifa yote hayo yasimwagwe kwa msomaji kama hotuba. Sentensi isemayo kwamba kusi haikuvuma miaka mitatu na tende zikawa ghali inatoa taarifa tu. Linganisha na hii: “Bi Mwanaisha aliikata tende vipande vinne kwa uzi, akamrudishia mwenye duka kokwa, maana kokwa zilikuwa zikihesabiwa.” Msomaji atauliza mwenyewe kwa nini kokwa zihesabiwe, na atafungua ukurasa unaofuata.

Muswada ukikamilika, usome kwa sauti kutoka mwanzo, kisha umpe msomaji asiyependa sana hadithi za majini. Usimwulize kama kazi ni nzuri. Mwombe apige mstari kila alipopotea, na pale alipopiga mstari urudi na daftari la ulimwengu, uangalie kama kilichokosekana ni maelezo au ni mtu mwenye shida inayoeleweka. Mara nyingi atakuwa ni mtu.