Biskuti za lozi: ziache zikauke kwanza

Mnaooka zile biskuti za lozi za kubandikwa mbili mbili, ambazo Wafaransa wanaziita macaron, hapa Goma msiwe na haraka ya kuziingiza kwenye oveni. Mapishi mengi yanasema zikauke dakika 30. Mvua ikinyesha huku kwetu kando ya Ziwa Kivu, hazitoshi. Ngoja hata saa nzima. Gusa juu taratibu: kidole kisiponata, ngozi imeshajitengeneza. Hapo mvuke utatokea chini, biskuti ipande wima na kuota pindo lake la mikunjo kuzunguka chini. Ikiingia mbichi, inapasuka.

Vipimo vyangu: lozi za kusaga gramu 100, sukari ya unga 100, ute wa mayai gramu 70 na kidogo, sukari ya kawaida 90. Lozi ni ghali. Karanga zilizomenywa zinafaa, ila zisage pamoja na sukari ya unga, kwa vipindi vifupi, zisitoe mafuta.

(Eti Catherine de' Medici, binti wa Kiitaliano aliyekuja kuwa malkia wa Ufaransa, ndiye aliyezipeleka Ufaransa alipoolewa 1533. Hadithi tamu, ushahidi hakuna, na kuzibandika kulikuja baadaye sana.)

Katikati paka jamu nzito ya marakuja, inakata utamu. Kisha zilale usiku mzima kwenye friji, ndipo mle.