Kukagua Luger P08 ya urithi: ni halisi kiasi gani, na bei yake ni ipi

Kwa ndugu zetu waliooa au kuolewa Marekani jambo hili linatokea sana: mzee wa familia anafariki, kabati linafunguliwa, na ndani mna bastola ya Kijerumani aliyorudi nayo kutoka vitani Ulaya mwaka 1945. Mara nyingi ni Luger P08. Nimetoka kumsaidia dada mmoja wa Tanga anayeishi Ohio, aliyeachiwa moja na baba mkwe wake, na mnunuzi alikuwa ameshaanza kumbembeleza aiuze kwa bei ya kutupa. Nayaandika haya ili mwingine asiuziwe maneno.

Mwongozo huu ni wa mahali ambapo unaruhusiwa kisheria kuwa na silaha hiyo. Ukiwa Kenya au Tanzania na ukakuta bastola isiyo na leseni, usianze kuikagua, toa taarifa polisi. Hata Marekani sheria za majimbo hazifanani, kwa hiyo ulizia kwanza kwenye duka lenye leseni ya silaha kabla ya kuivusha mpaka wa jimbo.

Hatua ya 1: Hakikisha haina risasi

Elekeza mtutu upande usio na mtu. Bonyeza kitufe cha kushoto nyuma ya traiga, toa magazini. Kisha shika vile vifundo viwili vya mviringo juu, vivute nyuma na juu mpaka kiungo kikunjike kama goti, tazama ndani ya chemba na uingize ncha ya kidole. Bila magazini hakitabaki wazi chenyewe, lazima ukishikilie kwa mkono. Kile kijichuma chenye neno GELADEN huinuka chemba ikiwa na risasi, lakini usikitegemee. Kina umri wa zaidi ya miaka themanini.

Hatua ya 2: Usiisafishe

Hakuna Brasso, hakuna sufi ya chuma, hakuna msasa. Nimeona watu wakifuta dola mia kadhaa kwa kitambaa na dawa ya kung'arisha mchana mmoja. Mafuta mepesi ya bunduki kwenye kitambaa cha pamba, basi.

Hatua ya 3: Jua imetengenezwa wapi na lini

Tazama juu ya kiungo kinachokunjika. Herufi DWM zilizosukwa pamoja ni kiwanda cha Berlin. ERFURT yenye taji ni kiwanda cha serikali kilichotengeneza hadi 1918. S/42, 42 au byf ni Mauser ya Oberndorf, iliyochukua kazi hiyo mwaka 1930. Juu ya chemba kuna mwaka, au herufi badala yake: K ni 1934, G ni 1935. Mtutu wa jeshi la nchi kavu ni milimita 100, wa wanamaji 150, wa wapiga mizinga 200. Hii mirefu ina bei kubwa zaidi, na ndiyo maana inaghushiwa zaidi.

Hatua ya 4: Namba

Bastola za jeshi zina namba kamili mbele ya fremu, kwenye ubavu wa kushoto wa sehemu ya juu, na chini ya mtutu. Mara nyingi kuna herufi ndogo ya mwandiko chini yake. Vipande vidogo vina tarakimu mbili za mwisho tu: traiga, kibao cha ubavuni, komeo la kufungulia, kitoa maganda, vipande vya kile kiungo. Hata ndani ya vibao vya mbao vya mpini zimegongwa. Ukivifungua, tumia bisibisi iliyojaa barabara kwenye mfereji wa skrubu, na uwe mwangalifu na kibao cha kushoto, kwani kona yake ya juu karibu na kitufe cha usalama hubanduka kwa urahisi sana. Ukiona wasiwasi, kiache.

Andika kila namba kwenye karatasi. Ikitofautiana hata kwenye kipande kimoja, bei inashuka. Usisahau kitako cha magazini: magazini yenye namba ya bastola yenyewe ni nadra, na ile ya akiba iligongwa pia alama ya kujumlisha. Ukipata zote mbili, shukuru.

Hatua ya 5: Rangi ya chuma

Hapa ndipo pesa ilipo, na ndipo wanunuzi wanapowachanganya watu. Bastola iliyopakwa rangi upya, hata kama namba zote zinalingana, kwa ninavyoona mimi hupoteza nusu ya thamani yake au zaidi. Kwa hiyo usiharakishe. Kaa dirishani asubuhi, si chini ya taa ya balbu, na uwe na lensi ya kukuza mara kumi. Picha za simu sizitaki kabisa kwa kazi hii, kwa sababu simu inajirekebishia rangi yenyewe.

Kwanza elewa walivyofanya. Zamani chuma kiliachwa kipate kutu kidogo kwa makusudi, kikasuguliwa, kikarudishwa, tena na tena, mpaka kikawa cheusi chenye ubuluu. Vipande vidogo kama traiga, kitufe cha usalama na komeo la kufungulia vilipashwa moto vikatoka rangi ya manjano iliyokolea, kama asali. Kuanzia 1937 Mauser walihamia kwenye maji moto ya chumvi, ambamo vipande hivyo navyo vilitoka vyeusi. Basi DWM ya 1917 yenye traiga nyeusi imeshatumbukizwa na mtu. Tazama pia ndani ya mpini, magazini inapoingia. Kwenye zile za zamani chuma cha humo kilibaki cheupe, kwa hiyo ukikuta weusi mpaka ndani, jibu unalo.

Halafu tafuta mashimo ya kutu. Kama rangi imeingia ndani ya mashimo na kung'aa humo, rangi ilikuja baada ya kutu. Pitisha ukucha kwenye kingo: za asili ni kali, za mashine ya kung'arisha zimelala. Nembo ya DWM ilichongwa kwa mistari myembamba, nayo ndiyo hufifia kwanza inaposuguliwa. Bastola ikiwa nyeusi tii kila mahali huku nembo ikionekana kwa taabu, hiyo haikubaki hivyo yenyewe.

Uchakavu wa kweli una mahali pake. Ala ya ngozi hula ncha ya mtutu na kibao cha ubavuni, na jasho la mkono hula mgongo wa mpini. Chakavu kisichofuata mpangilio huo nakitilia shaka.

Ila usimhukumu mtu kwa haraka. Mnunuzi wa yule dada alimwambia kwamba kwa kuwa chemba ina miaka miwili, 1917 na juu yake 1920, basi ni bastola iliyofanyiwa ukarabati wa mitaani. Si kweli. Baada ya Mkataba wa Versailles jeshi la Ujerumani lilibakishiwa watu 100,000, na mwaka 1920 silaha zilizobaki ziligongwa 1920 kama alama ya mali ya jeshi. Nyingi zilipitia karakana za serikali, zikabadilishiwa vipande na kugongwa namba mpya kihalali. Hiyo ni historia yake, na wapo wakusanyaji wanaozitafuta hizo hasa. Kughushi ni pale namba ya zamani ilipokwanguliwa: weka ukingo wa rula juu ya namba, mulika tochi kutoka ubavuni, na ukiona mwanga unapenya katikati, chuma kimeliwa hapo. Hakikisha pia kwamba kile kistari kidogo kilichogongwa kwenye mtutu kinaendelea sawasawa na cha ile sehemu ya juu ambamo mtutu umefungwa. Kikipishana, mtutu umegeuzwa au kubadilishwa.

Kuna pia zile zilizotekwa na Warusi, zikafunguliwa zote na kuunganishwa upya bila kujali namba, kisha zikatumbukizwa kwenye rangi. Baadhi zina alama ya X. Hizo ni za kulenga shabaha, si za kukusanya.

Hatua ya 6: Tazama ndani ya mtutu

Tochi na dakika moja. Mifereji iwe mikali. Giza kidogo kwenye bastola ya 1917 ni kawaida.

Hatua ya 7: Bei

Usiangalie bei wanazoomba wauzaji. Angalia zilizouzwa: kwenye GunBroker, tovuti ya minada ya silaha, fungua minada iliyokwisha, na kwenye kampuni ya mnada ya Rock Island Auction tazama matokeo. Linganisha kiwanda, mwaka, namba na hali ya rangi. Kumbuka kwamba bei ya mnada mara nyingi ina ada ya mnunuzi ndani yake, nawe muuzaji utakatwa yako.

Kabla ya kuongea na mnunuzi, tafuta karatasi. Askari wa Kimarekani walipewa cheti kilichosainiwa na ofisa kuwaruhusu kurudi na silaha waliyoteka. Kama cheti kina namba ya bastola hiyo, kinapandisha bei vizuri, na mara nyingi kimo kwenye albamu za picha au mfuko wa koti la jeshi. Ala yenye mhuri wa kiwanda na mwaka, pamoja na kile kibisibisi kidogo ndani ya kifuko chake, navyo usiviuze mbali na bastola. Yule dada alikikuta cheti ndani ya Biblia ya mzee, na bei ya kwanza aliyotajiwa na mnunuzi wa pili ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya wa kwanza.