Moodle Inapokwama Wakati wa Mtihani: Namna ya Kutafuta Chanzo

Moodle ni mfumo wa kufundishia na kutahini mtandaoni. Malalamiko ya kwamba "mfumo unasumbua" huweza kutokana na njia ya intaneti, seva ya wavuti, hifadhidata au kazi zinazojiendesha zenyewe ndani ya seva, na kila kimoja kina tiba yake. Kwa hiyo, kabla ya kuandika ombi la fedha za kununua seva mpya, msimamizi wa Moodle anapaswa kujua sekunde zinapotelea wapi.

Anza kwa kuwauliza walalamikaji: ni kurasa zote zinazochelewa au ni za jaribio pekee, ilikuwa saa ngapi, na je, waliomo ndani ya kampasi wanapata shida ileile? Kisha fungua ukurasa husika kwa kivinjari, bonyeza F12, na katika sehemu ya mtandao uangalie muda uliopita kabla ya baiti ya kwanza kuwasili. Ikiwa baiti ya kwanza inafika upesi lakini ukurasa unachukua muda mrefu kukamilika, shuku njia ya intaneti au mafaili makubwa, hasa video ambazo wahadhiri wamezipakia moja kwa moja kwenye kozi. Ikiwa baiti ya kwanza yenyewe inachelewa, rudia kipimo hicho kwa curl, amri ya kuomba ukurasa bila kivinjari, ukiwa ndani ya seva. Ucheleweshaji ukibaki palepale, intaneti haina hatia.

Hapo ingia kwenye mipangilio ya Moodle inayohusu wasanidi programu na uwashe taarifa za utendaji, ili chini ya kila ukurasa uonekane muda uliotumika kuutengeneza, kumbukumbu iliyotumika, na idadi ya maswali (maombi ya data, si maswali ya mtihani) yaliyopelekwa kwenye hifadhidata pamoja na muda wake. Kisha, katika mipangilio ya mwonekano, hakikisha kwamba hali ya kusanifu mandhari imezimwa. Mara nyingi mtu huiwasha ili abadilishe rangi au nembo ya chuo, kisha akaisahau, na tangu siku hiyo mitindo ya kurasa ikawa haihifadhiwi kwenye kache, yaani hifadhi ya muda ya kuharakisha kurasa.

Kisa kinachojirudia zaidi ni cha mtihani unaofunguliwa saa 2:00 kamili asubuhi kwa wanafunzi wote kwa pamoja. PHP-FPM, programu inayoendesha msimbo wa Moodle kwenye seva, huhudumia maombi kwa idadi maalumu ya michakato, inayowekwa kwa pm.max_children, na idadi hiyo ikifikiwa, anayefuata husubiri hata kama kichakataji kimepumzika. Soma logi (faili la kumbukumbu za matukio) ya PHP-FPM, kwa kuwa hutoa onyo kila kikomo hicho kinapofikiwa. Usikiongeze kwa kubahatisha. Ikiwa RAM iliyobaki kwa ajili ya PHP ni GB 8 na kila mchakato unatumia takribani MB 80, nafasi yako ni michakato 100 hivi. Ukiandika 300, seva itaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski na hali itakuwa mbaya kuliko ya mwanzo. Zingatia pia kwamba Moodle hukishikilia kikao cha mtumiaji wakati ukurasa wake unashughulikiwa, na maombi yake mengine husubiri, hivyo mwanafunzi mwenye wasiwasi anayebonyeza kitufe cha kupakia upya mara tano huweza kushikilia michakato kadhaa peke yake. Ni vyema wanafunzi waambiwe jambo hili kabla ya mtihani.

Iwapo taarifa za utendaji zinaonyesha kwamba muda mwingi unaishia kwenye hifadhidata, washa logi ya maswali ya polepole katika MySQL au MariaDB. Kiwango cha kawaida ni sekunde 10, ambacho ni kikubwa mno kwa kazi hii; kishushe hadi sekunde 1. Swali linalojitokeza mara kwa mara lichunguze kwa EXPLAIN, amri inayoonyesha jinsi hifadhidata inavyolitekeleza, uone kama linapekua jedwali zima kwa kukosa faharasa. Kagua vilevile innodb_buffer_pool_size, yaani RAM ambayo hifadhidata hutumia kuweka data zake, ambayo isipoguswa hubaki MB 128, kiasi kidogo sana kwa chuo chenye maelfu ya wanafunzi. Jedwali la logi za Moodle nalo hukua bila kikomo iwapo hakuna aliyepanga muda wa kuzifuta.

Kuhusu kazi za cron, yaani zile zinazojiendesha zenyewe, ambazo zinapaswa kuanzishwa kila dakika, inatosha kuthibitisha kwamba nakala rudufu za kozi hazitengenezwi saa za masomo.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja na uandike kipimo cha kabla na cha baada. Ili usisubiri mtihani halisi, tengeneza kozi ya majaribio kwa zana iliyomo ndani ya Moodle yenyewe, ambayo pia hukuandalia mpango wa JMeter, programu ya kuiga watumiaji wengi kwa pamoja, na uiendeshe kwenye nakala ya mfumo, kamwe si kwenye seva inayotumika. Uchunguzi ukikamilika, zima taarifa za utendaji na urudishe kiwango cha logi ya hifadhidata, kwani logi hiyo nayo hujaza diski.