Kabla Hujalipia Kempavani ya Mtumba, Kagua Sakafu

Kempavani ni gari lenye vitanda, jiko na sinki ndani, la kusafiria na kulala. Mambo mepesi kwanza. Jina lililo kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari, lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na uthibitishe mwenyewe NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani ya Kenya, usionyeshwe picha kwenye simu yake. Gari la msafiri wa kigeni lililoingia nchini kwa kibali cha muda huwa halijalipiwa ushuru. Kama KRA, mamlaka ya ushuru, hawajamalizana nalo, usitoe hata shilingi. Tairi soma umri wake ubavuni, tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza kwa herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la kempavani huzeeka likiwa limesimama, kwa hivyo meno yake kuwa marefu hayakuambii kitu. Injini mpelekee fundi wako, asiwe wa muuzaji.

Sasa maji, maana hapo ndipo watu hulizwa.

Ukuta wa gari hili si bati tupu. Nje kuna alumini au faiba, katikati fremu ya mbao nyembamba na povu jeupe kama lile linalofungiwa televisheni mpya, ndani plaiwudi ya milimita chache yenye karatasi ya urembo. Sakafu nayo ni hivyo hivyo, plaiwudi juu, povu, plaiwudi chini. Kila tundu lililokatwa, liwe la dirisha, la kifuniko cha hewa cha darini, la taa za ukingoni au la reli ya turubai la kivuli, huzibwa kwa gundi laini ambayo miaka ikipita hukauka na kupasuka. Maji yakipenya hapo huyaoni. Hushuka ndani ya ukuta, hufuata mbao, huenda kukaa kwenye pembe ya sakafu.

Yetu tuliinunua Februari. Kiangazi, gari limeanikwa juani wiki nzima, kila kitu kikavu. Ndani kulikuwa na mkeka wa plastiki wenye sura ya mbao, mpya kabisa, ule wa rangi ya kahawia ambao kila nyumba ya kupanga inao siku hizi, na harufu kali ya ndimu ya manukato ya gari. Nilimwambia mume wangu kwamba mwenye gari amelitunza. Tulilipa siku hiyo hiyo.

Mvua ya masika ikaanza. Baada ya usiku wa tatu wa mvua kubwa nilifungua mlango asubuhi nikapokewa na uvundo, ule wa nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Tone la maji sikuliona popote. Tukaita fundi, akapanda juu na mirija minne ya silikoni, akapaka kila ukingo aliouona, akalipwa, akaenda. Uvundo ukabaki. Tukajiambia ni baridi.

Juni, mwanangu wa miaka kumi na miwili aliruka ndani kupitia mlango wa pembeni na sakafu ikabonyea chini yake kama godoro. Safari hii tulileta seremala. Alipiga magoti, akakata mkeka kwa kisu, akauvuta. Chini yake plaiwudi ilikuwa nyeusi, imetambaliwa na nyuzi nyeupe za ukungu mithili ya mizizi ya nyasi. Akachukua bisibisi, akaisukuma kwa vidole viwili tu. Ikazama mpaka kwenye mpini.

"Mama," akasema bila kuinua macho, "hapa hakuna sakafu. Mmekuwa mkikanyaga mkeka."

Mahali maji yalipoingilia hapakuwa mlangoni. Palikuwa kwenye skrubu moja ya reli ya turubai, karibu mita mbili kutoka pale mguu wa mtoto ulipozama. Ile silikoni ilikuwa imeziba sehemu ambazo maji yangetokea, ikayafungia ndani na mbao zikaendelea kuoza gizani. Tena ilibidi ikwanguliwe yote, kwa sababu juu ya silikoni kuukuu hakuna gundi inayoshika. Tulipofungua ukuta ili ukauke ilikuwa Julai, na Julai ya Nairobi haikaushi hata taulo. Tulikaa na gari lililo wazi hadi Septemba.

Kwa hivyo nenda ukaguzi mvua ikinyesha. Machi hadi Mei, au Oktoba hadi Desemba, asubuhi baada ya usiku wa mvua. Muuzaji akikuambia uje jua likiwaka, rudi siku nyingine. Kama ni kiangazi, omba mpira wa maji: anza chini ukipanda pole pole hadi darini, mwenzako akiwa ndani na tochi. Usikubali mashine ya kuoshea magari, nguvu yake hupenyeza maji hata kwenye ukingo mzima. Kisha subirini. Maji huchukua hata saa kadhaa kujitokeza.

Ukiona mkeka mpya ndani ya gari kuukuu, uliza umefunika nini, na kona moja ifunuliwe mbele yako. Akikataa, ondoka. Vua viatu, tembea kila hatua kwa kisigino, hasa mlangoni, mbele ya sinki na kando ya bafu. Fungua makabati, ingiza mkono kwenye kona za juu, bonyeza ukuta kwa kidole gumba. Karatasi iliyofanya mawimbi au plaiwudi inayobonyea inatosha kukuambia. Halafu lala chini ya gari na bisibisi, gusa kuzunguka magurudumu na chini ya ngazi, ambako matope hurushiwa kila siku.

Kipima unyevu cha sindano mbili, kile wauza mbao hutumia, kinakusaidia sana. Hadi asilimia 15 usiwe na shaka. Kati ya 15 na 20 fuatilia. Zaidi ya 20 kuna maji yanayoingia, na ikipita 30 hesabu kwamba mbao zimeanza kuharibika. Usichome penye chuma nyuma yake, usomaji utakudanganya.

Maji ya bomba pia huozesha. Washa pampu, funga mifereji yote, nyamaza usikilize. Pampu ikijiwasha yenyewe, kuna mahali panapovuja.

Na usichanganye uvujaji na pumzi. Madirisha yakilowa kwa ndani asubuhi ya baridi mkiwa mmelala wanne, hiyo ni pumzi yenu; fungua hewa kidogo, pangusa. Ila matundu ya hewa yaliyoachwa makusudi sakafuni usiyazibe kamwe, hata vumbi likikukera. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutua chini, na hutokea hapo.

Sakafu inayolia na kubonyea lakini ni kavu, plaiwudi imeachana na povu tu. Fundi hutoboa matundu madogo, akasukuma gundi ya epoksi, akaikandamiza kwa uzito hadi ishike. Iliyooza haisaidiwi na gundi, ikatwe mpaka ifike mbao nzima, na huwa kubwa kuliko unavyoiona, kwa hivyo unapopunguza bei hesabu uozo mara mbili ya unaouona. Utaratibu ni huu: tafuta panapoingilia, kausha, rudisha mbao, ziba mwisho. Kazi hiyo ifanywe Januari au Februari.

Ukishalipeleka nyumbani, usiliegeshe chini ya mjakaranda. Maua huanguka wakati ule ule wa vuli na kulala darini yamelowa wiki nzima. Liinamishe kidogo maji yasituame, na usilifunike kwa turubai la plastiki linalobana kila upande. Kila miezi sita panda ukaangalie gundi. Usiende kununua peke yako, usiende jioni, usitoe malipo ya kushikia kwa sababu eti kuna mteja mwingine anakuja saa nane. Na siku ya ukaguzi vaa nguo unazoweza kulalia matopeni.