Kuziwekea Picha Tagi Ili Zipatikane: Mwongozo kwa Mwenye Picha Nyingi Kwenye Kompyuta

Mpiga picha wa Dodoma aliyefanya kazi kwa miaka kadhaa huwa na folda zenye majina kama "Harusi Area C", "Mahafali UDOM" na "Zabibu Hombolo", pamoja na moja au mbili zinazoitwa "Mpya" ambazo upya wake umekwisha zamani. Mpangilio huo hutosha mradi swali la mteja lifanane na jina la folda. Akija anayetaka picha za wanawake wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme, ambazo baadhi zilipigwa harusini Chamwino na nyingine kwenye sherehe ya kijiji huko Bahi, folda hazimsaidii, kwa kuwa picha hukaa ndani ya folda moja tu. Tagi ni neno linaloambatanishwa na picha, na picha moja inaweza kubeba maneno kumi bila kunakiliwa popote.

Hatua ya 1: Nakili kwanza. Hamishia nakala ya picha zote kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote, kwani kazi hii hubadilisha mafaili yenyewe, na umeme ukikatika katikati ya uandishi faili linaweza kuharibika.

Hatua ya 2: Andika orodha ya tagi kwenye karatasi. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona kuwa ndiyo kazi yenyewe. Yanayofuata ni kubofya tu. Gawa orodha katika makundi machache: Mahali, Tukio, Watu, Vitu. Chini ya Mahali weka Dodoma, na chini ya Dodoma weka Hombolo, Mpwapwa, Kondoa na kwingineko unakofika. Kisha amua, neno kwa neno, kama utatumia umoja au wingi, na usibadilishe tena. Programu hupanga tagi kwa alfabeti, kwa hiyo "mkulima" atakaa kwenye M na "wakulima" kwenye W, wala hutagundua kwamba umegawa picha zilezile mafungu mawili. Mimi hutumia wingi kwa watu na umoja kwa vitu: wakulima, wanafunzi, shamba, ngoma.

Usitengeneze tagi za tarehe. Kamera huandika tarehe na saa ndani ya kila picha, na programu yoyote nzuri itakutafutia kwa tarehe hiyo, ilimradi saa ya kamera ilikuwa sahihi. Zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka. Tagi ya "mavuno" itakuletea yote mawili kwa pamoja, na tarehe ndiyo itakayoyatenganisha. Vilevile epuka maneno ya sifa kama "nzuri". Kwa hilo kuna nyota, moja hadi tano, ambazo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Hatua ya 3: Andaa programu. Ninapendekeza digiKam, ambayo ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na haihitaji intaneti kwa kazi hii. Ukishaionyesha folda yako kuu ya picha, fungua menyu ya "Settings", kisha "Configure digiKam", kisha "Metadata", na uhakikishe kwamba "Image tags" ina alama ya vema. Bila alama hiyo tagi hubaki kwenye hifadhidata ya programu pekee, na siku utakapobadilisha kompyuta picha zitahama bila maneno yake. Kwa picha ghafi za kamera, yaani RAW, chagua tagi ziandikwe kwenye faili dogo la pembeni lenye kiishio cha .xmp, na kila unapohamisha picha hizo uhamishe na faili hilo.

Hatua ya 4: Weka tagi kwa mafungu, kuanzia jumla kwenda mahususi. Chagua picha zote za siku moja, fungua sehemu ya "Captions" upande wa kulia, kisha "Tags" ndani yake, weka alama kwenye "Hombolo" na "mavuno", kisha bofya "Apply". Picha mia tatu zimekamilika kwa mara moja. Ndipo uchague chache zinazostahili zaidi. Picha ya mama aliyeinua kreti la zabibu mbele ya mizabibu itaongezewa "wakulima", "zabibu" na "kreti". Mti ulio nyuma yake hauhitaji tagi, isipokuwa kama unatarajia kuulizwa habari za miti.

Hatua ya 5: Tafuta. Kwenye kichujio cha tagi, upande wa kulia, unaweza kuchagua maneno kadhaa na kuamua kama picha iwe nayo yote au lolote kati yake. "Muheme" pamoja na "harusi" kwa sharti la yote itakupa ngoma za harusini tu. Katika menyu ya "View", washa "Include Tag Sub-Tree" ili ukichagua "Dodoma" kwenye orodha ya "Tags" upande wa kushoto upate na picha za Hombolo na Mpwapwa.

Asiyetaka programu mpya anaweza kutumia Windows yenyewe: bofya picha kwa kitufe cha kulia, fungua "Properties", kisha "Details", na uandike maneno kwenye mstari wa "Tags" ukiyatenganisha kwa nukta mkato. Baadaye andika tags:zabibu kwenye kisanduku cha kutafutia. Njia hii hufaa kwa picha za JPEG. Za PNG hazikubali.

Kabla ya kutuma picha, kumbuka kwamba tagi husafiri na faili. WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kama picha ya kawaida, lakini ikitumwa kama hati hubaki, sawa na kwa barua pepe. Ikiwa umeandika majina ya watoto wa shule, yaondoe kwenye nakala unayoituma.

Kwa picha zilizobaki, kichujio cha digiKam kina chaguo la "Not Tagged", linaloonyesha picha zote zisizo na tagi hata moja. Anzia na zile za kazi iliyopita karibuni, ambazo majina ya watu na vijiji bado unayakumbuka.