Jinsi ya kusafirisha maboksi ya vitabu ng'ambo bila faida kuliwa na nauli

Nauza vitabu vya Kiswahili mtandaoni nikiwa Dar es Salaam. Wanunuzi wangu wengi ni Watanzania na Wakenya walioko Ulaya na Marekani, wanaotaka watoto wao wasiisahau lugha, pamoja na walimu wanaofundisha Kiswahili vyuo vya huko. Anayetaka riwaya moja hanisumbui: bahasha nene, foleni ya posta, nimemaliza. Kazi ni pale mwalimu anapoagiza nakala 80 kwa mpigo. Wauzaji wapya wengi huumia hapo, maana hutaja bei kwanza na kupima baadaye.

Mfano nitakaoutumia ni huo huo: nakala 80 za kitabu cha A5 chenye kurasa 200, mteja yuko Ujerumani.

Kabla ya yote: je, kitabu kipo tayari huko?

Baadhi ya wachapishaji wetu, Mkuki na Nyota wakiwemo, huuza vitabu vyao ng'ambo kupitia African Books Collective, wasambazaji wa vitabu vya Afrika walioko Oxford, Uingereza, na vingi huchapwa huko huko nakala zinapoagizwa. Mteja akikuomba kitabu cha namna hiyo, mwambie ukweli. Utapoteza oda moja, lakini atakurudia kwa vile visivyopatikana kokote isipokuwa kwako, na hivyo ndivyo vyenye biashara.

Hatua ya 1: Kadiria uzito, kisha pima

Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Ya A5 ni nusu yake, gramu 2.5. Kitabu cha kurasa 200 kina majani 100, kwa hiyo gramu 250. Ongeza jalada, inafika gramu 265 hivi. Mara 80 ni kilo 21.2, boksi halijahesabiwa.

Hesabu hiyo inakuwezesha kumjibu mteja hapo hapo kwenye WhatsApp. Lakini usiandike ankara mpaka vitabu vyenyewe vimepanda kwenye mizani. Vitabu vya watoto vyenye picha za rangi huchapwa kwenye karatasi nzito inayong'aa, na makadirio haya hayavifai kabisa. Nunua mizani ya dijitali ya kilo 40 au zaidi. Ile ya ndoano ya kupimia masanduku ya safari inatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Elewa unatozwa kwa kipimo gani

Ukilielewa hili vizuri, mengine yatakuwa mepesi. Msafirishaji ana vipimo viwili: uzito na nafasi. Hukutoza kwa kile kinachompa fedha zaidi.

Kampuni za haraka za ndege kama DHL na FedEx hupima boksi kwa nje, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Jibu ni uzito wa ujazo. Boksi langu la nakala 40 lina sentimita 32 kwa 23 kwa 26 kwa nje. Ujazo wake ni 19,136, ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 3.8. Kwenye mizani linasoma kilo 11.2. Kwa hiyo utalipia kilo 11.2, tena hesabu yao huenda juu hadi nusu kilo au kilo inayofuata. Muuza mito ya kulalia analia kwa sababu ya ujazo. Sisi wa vitabu tunalia kwa sababu ya uzito. Kuhangaika kupunguza sentimita mbili za boksi hakutakuokoa. Kinachokuokoa ni kutafuta njia isiyotoza kwa kilo, au inayotoza kilo kwa bei ndogo.

Meli ndiyo njia isiyotoza kwa kilo. Kwenye kontena la kuchangia, nauli huhesabiwa kwa mita moja ya ujazo, ile wanayoiita CBM, au kwa tani moja, lolote lililo kubwa. Maboksi yangu 52 yanajaza CBM moja na yana uzito wa karibu kilo 580. Hayafiki tani, kwa hiyo nalipia nafasi tu. Vitabu 2,080 vinasafiri kwa bei ya mita moja ya ujazo. Shida ni kwamba ukipeleka pungufu ya CBM moja, kwa kawaida unalipia CBM nzima hata hivyo, na kule mzigo unakofikia kuna gharama za ghala, makaratasi na lori ambazo mara nyingi hazimo kwenye bei uliyotajiwa Dar. Mwombe wakala akuandikie gharama za pande zote mbili. Akisita kuandika, tafuta mwingine.

Hatua ya 3: Chagua njia kwa ukubwa wa oda

Hadi kilo 2, nenda posta ya kawaida kwa rejista.

Oda ya katikati, kama hii yetu ya kilo 22, ndiyo ngumu. Kampuni za haraka zitaifikisha ndani ya siku chache, lakini nauli inaweza kuzidi bei ya vitabu vyenyewe. Kifurushi cha posta ni nafuu zaidi. Kuna pia njia ambayo wauzaji wengi hawajaisikia: mfuko wa M. Ni huduma iliyomo katika kanuni za Umoja wa Posta Duniani, mahususi kwa vitu vilivyochapwa. Vitabu vyote huingia kwenye mfuko mmoja wa posta wenye anwani moja ya mpokeaji mmoja, mpaka kilo 30. Nauli yake kwa kilo huwa chini kuliko ya kifurushi. Si kila kaunta wanaoifahamu, na si kila nchi inaipokea, kwa hiyo waulize wakubwa wa ofisi, usiishie kwa karani wa dirishani. Taja jina lake lenyewe, mfuko wa M. Mfuko huu hurushwa na kuburutwa, kwa hiyo vitabu viwe ndani ya maboksi imara, na kila boksi liwe na anwani kamili juu yake.

Oda ya mamia ya vitabu, subiri meli. Mimi hukusanya oda za wateja wa mji mmoja mpaka zifike CBM moja, na huwaeleza tangu mwanzo kwamba watasubiri miezi. Maktaba hazina haraka. Wazazi wanayo.

Kwa wateja wa Marekani kuna jambo la ziada. Tarehe 29 Agosti 2025 nchi hiyo iliondoa msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800, na mashirika mengi ya posta duniani yakasimamisha vifurushi vya huko kwa muda. Vitabu viliachwa nje ya ushuru ule mpya, lakini kifurushi chake bado kinapita kwenye utaratibu ule ule. Uliza posta kama wanapokea mzigo wa Marekani wiki hiyo kabla hujapokea fedha ya mteja.

Hatua ya 4: Funga kana kwamba boksi litaangushwa, maana litaangushwa

Mwaka wangu wa kwanza nilipakia nakala 96 kwenye boksi moja la juisi. Kilo 26. Lilitoka mikononi mwangu likiwa zuri, nimelizungushia selotepu mpaka linang'aa. Mteja alipokea mfuko wa plastiki wenye vitabu 31 na kipande cha boksi chenye jina lake. Vingine vilibaki njiani, sijui wapi. Nilimrudishia fedha zote. Kilichonikera zaidi ni kwamba darasa lake lilikuwa limeshaanza muhula.

Boksi la vitabu halivunjwi na mizigo mingine. Huvunjwa na vitabu vyenyewe, vinavyoteleza ndani na kupiga kuta kila linaposogezwa. Ndiyo maana nafanya hivi:

Nanunua boksi jipya la tabaka mbili za mawimbi. Lichane pembeni uone: karatasi bapa, mawimbi, bapa, mawimbi, bapa. Maboksi ya dukani yaliyokwishatumika nyuzi zake zimechoka, na yaliyobeba sabuni au samaki huachia harufu kwenye karatasi isiyotoka tena.

Sizidishi kilo 15 kwa boksi, hata kama posta wanapokea 20 au 30. Boksi ambalo mtu mmoja analibeba kwa raha huwekwa chini, lisilobebeka hudondoshwa. Ukituma kwa kifurushi cha posta, kugawa mzigo mara mbili kunaongeza gharama kidogo, kwa kuwa kilo ya kwanza ya kila kifurushi ndiyo ghali. Kwenye mfuko wa M au kampuni inayopokea maboksi kadhaa kwa hati moja, kugawa hakukugharimu kitu.

Vitabu vikae siku mbili kwenye chumba kikavu kabla ya kufungwa, hasa wakati wa masika. Hewa ya Dar ina unyevu, na ukiufungia ndani ya nailoni utasafiri nao mpaka baharini, ambako kontena hupata joto mchana na baridi usiku, matone yakashuka kutoka darini. Kurasa hujikunja, ukungu ukaota. Funga vitabu kumi kumi kwa nailoni, weka vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, kisha vilaze vitabu bapa. Usivisimamishe wala usiviinamishe. Vipishanishe migongo, vitano huku, vitano kule, rundo lisiinamie upande mmoja.

Boksi langu kwa ndani ni sentimita 31 kwa 22 kwa 25. Marundo mawili ya vitabu 20 yanaenea humo, na inabaki nafasi ya sentimita nne kwa kimo, mbili za chini na mbili za juu, ambazo naziba kwa vipande vya kadibodi. Pengo la pembeni nalishindilia karatasi. Kisha nalitikisa. Nikisikia kitu kinacheza, nafungua na kuanza upya.

Chini selotepu pana mara mbili, kwenye mshono wa katikati na mishono ya pembeni, umbo la herufi H. Juu vivyo hivyo. Halafu kamba za plastiki mbili, moja kila upande. Ndani, juu ya vitabu, naacha karatasi yenye anwani ya mteja, yangu na idadi ya nakala. Nje naandika 1/2 na 2/2.

Ukituma kwa meli juu ya paleti za mbao, hakikisha zina muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, wenye herufi HT. Maana yake mbao zimepashwa joto kuua wadudu. Paleti isiyo na muhuri inaweza kuzuiwa bandarini pamoja na kila kilicho juu yake.

Hatua ya 5: Jaza fomu kwa ukweli wote

Kwa posta ya kawaida, mzigo wa thamani ndogo hujaziwa fomu ya forodha ya CN22. Ukizidi thamani ya SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF kinachotumiwa na posta za kimataifa), ambayo ni kama dola 400 za Marekani, au ukituma kwa kifurushi cha posta, jaza CN23. Andika kwa Kiingereza au Kifaransa, tena kwa herufi kubwa. Vitabu vya kawaida vina namba ya forodha 4901.99, kamusi 4901.91, na vitabu vya picha vya watoto 4903. Usiandike neno la jumla kama "bidhaa", na usiandike "zawadi" kwa kitu ulichokiuza. Mkaguzi akifungua akakuta vitabu 40 vya aina moja vyenye ankara, ile zawadi itakugharimu siku nyingi.

Mahali ambapo wengi hukosea ni nchi ya asili. Asili ya kitabu ni nchi kilikochapwa. Mchapishaji anaweza kuwa Dar na kitabu kimechapwa India. Fungua ukurasa wa haki za uchapishaji usome.

Habari njema ni kwamba vitabu hivi havitozwi ushuru wa kawaida wa forodha Umoja wa Ulaya, Uingereza wala Marekani. Lakini kodi ya ongezeko la thamani ni jambo jingine. Uingereza ni sifuri kwa vitabu vilivyochapwa. Ujerumani ni asilimia 7, na tangu tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya hausamehi tena hata kifurushi kidogo cha biashara. Juu yake, anayekileta mlangoni huweza kudai ada yake ya kushughulikia kodi hiyo. Mteja wangu huyajua haya kabla hajalipa, kwa maandishi. Anayekutana na dai hilo mlangoni bila kuambiwa huona ametapeliwa, na siwezi kumlaumu.

Hatua ya 6: Bei ya nauli iwe peke yake

Usiifiche nauli ndani ya bei ya kitabu. Nautenga mstari wake kwenye ankara: nauli ya posta kama ilivyo, boksi na selotepu, kirikuu kutoka nyumbani mpaka posta, na asilimia ndogo ya kuyumba kwa dola. Vitabu na nauli hulipwa pamoja kabla sijafunga boksi. Vyuo vina taratibu za kulipa baada ya kupokea. Kwao, oda ya kwanza isizidi kiasi ambacho ukikikosa kwa miezi mitatu duka halitafungwa.

Hatua ya 7: Kaunta na baada yake

Nenda asubuhi, katikati ya wiki. Acha upande mmoja wa boksi haujafungwa kamba, ukaguzi ukihitajika usianze upya, na ubebe selotepu yako. Kabla ya kuondoka, piga picha tatu: boksi likiwa juu ya mizani ya posta namba zikionekana, fomu iliyojazwa, na risiti. Namba ya kufuatilia ina herufi mbili, tarakimu tisa, na mwisho TZ. Mtumie mteja siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo kuna ukimya. Mzigo ukishatoka Tanzania, unaweza usionekane kwenye mtandao kwa wiki kadhaa mpaka nchi ya pili iuchanganue, na ukimya huo peke yake si dalili ya kupotea. Ukipita muda wa kawaida, peleka risiti ufungue madai, mradi iwe ndani ya miezi sita tangu ulipotuma. Kanuni za posta za kimataifa haziruhusu zaidi ya hapo.

Mwombe mteja apige picha ya boksi pande zote kabla hajalikata, ahesabu vitabu, na asilitupe mpaka amekujibu kwamba nakala zote 80 zimefika. Pembe zilizobonyea humwambia yeyote anayejua kusoma boksi ni safari gani limepitia, na mimi hupata cha kurekebisha kwenye boksi linalofuata.