Jinsi ya Kuomba Kibali na Kupitisha Kebo ya Umeme Uvunguni mwa Nyumba Nchini Marekani

Nyumba nyingi za mbao nchini Marekani hazikukaa juu ya ardhi moja kwa moja kama zetu za matofali. Zimeinuliwa kwenye msingi, na chini ya sakafu pamebaki uvungu wa kumtosha mtu anayetambaa, wenye giza, mabomba na wakati mwingine maji. Mimi nilihitaji kitu kimoja tu huko chini, yaani soketi ya pampu ya kutolea maji ya mvua. Kazi hiyo ilinichukua wiki 7, na wiki 5 kati ya hizo zilipotea kwa sababu ya robo tatu ya inchi.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba jimbo au mji wako unamruhusu mwenye nyumba kujifanyia kazi ya umeme. Majimbo mengi huruhusu, ila kwa nyumba unayoishi mwenyewe. Ukiwa na nyumba ya kupangisha, tarajia kuambiwa utafute fundi mwenye leseni. Uliza vilevile ni toleo gani la Kanuni za Taifa za Umeme, yaani NEC, linalotumika hapo, kwa maana kanuni hizo hutolewa upya kila baada ya miaka 3 na NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, lakini hazina nguvu ya sheria mpaka jimbo au mji uzipitishe, na kwa hiyo jirani zako wa mji wa pili wanaweza kuwa wanafuata toleo tofauti na lenu. Nilipopiga simu kuuliza, nilielekezwa kwenye tovuti. Tovuti nayo ikanishauri nipige simu.

Katika fomu ya maombi, sehemu inayohitaji utulivu ni maelezo ya kazi. Niliandika “soketi moja”, nikalipa ada, kisha nikagundua kwamba uvungu wenye mashine ya kuhudumiwa, kama pampu, lazima uwe na taa karibu na mashine hiyo, na swichi yake iwe pale mtu anapoingilia. Kibali kikarekebishwa kwa ada nyingine. Andika basi kila kitu tangu mwanzo: soketi, taa, swichi, unene wa waya na ukubwa wa breka. Kwa breka ya ampea 20, waya wa shaba uwe namba 12 au mnene zaidi (namba ikipungua, waya ndio unanenepa).

Kuhusu kebo yenyewe, ile ya kawaida ya ndani ya nyumba, iitwayo NM-B, ambayo kwa namba 12 huwa na ganda la njano, hairuhusiwi mahali penye unyevunyevu. Mwenye pampu uvunguni hana hoja ya kumshawishi mkaguzi kwamba pako pakavu, kwa hiyo nilinunua kebo ya aina ya UF-B, ya kijivu, ambayo hata kuzikwa ardhini inaruhusiwa. Kuimenya ni adhabu, lakini haikunirudisha dukani mara ya pili.

Sasa tufike kwenye boriti za sakafu. Kebo nyembamba kama hii haipigiliwi klipu chini ya boriti inapozikatiza. Ruhusa hiyo ni ya kebo nene tu, kuanzia zenye nyaya 2 za namba 6 au nyaya 3 za namba 8. Yako ama ipite juu ya ubao uliopigiliwa kwa kazi hiyo, ama ipenye kwenye matundu yaliyotobolewa katika boriti. Nilichagua matundu. NEC inataka ukingo wa tundu uwe umbali usiopungua inchi 1¼ kutoka ukingo wa boriti, ili msumari usiifikie kebo, na pasipowezekana uweke bamba la chuma. Nililala chali juu ya plastiki, keekee kifuani, nikatoboa boriti 11, kila tundu inchi 1¼ kamili kutoka ukingo wa chini, kwa unadhifu ambao bado najivunia.

Mkaguzi alikuja, akaingiza kichwa na mabega tu katika mlango wa uvungu, akamulika tochi, akavuta futi yake na kusema kwa upole, “Umeme uko sawa. Mbao haziko sawa.” Kumbe kanuni za ujenzi wa nyumba, IRC, zina kipimo chao wenyewe: tundu lisikaribie ukingo wa juu au wa chini wa boriti, wala tundu jingine, kwa chini ya inchi 2, na kipenyo chake kisizidi theluthi ya kimo cha boriti. Bamba la chuma huilinda kebo. Halirudishi nguvu ya ubao. Ilinibidi nimlipe seremala aziimarishe boriti zote 11 kwa mbao za ubavuni, nitoboe upya karibu na katikati ya kimo, kisha nilipie ukaguzi wa marudio na kurudi mwisho wa foleni. Kabla ya kutoboa boriti ya kwanza, fuata kipimo cha inchi 2, nacho kitaziridhisha kanuni zote mbili.

Kebo ishikiliwe kila baada ya futi 4½ au pungufu, na ndani ya inchi 12 kutoka kila kisanduku. Soketi na taa za uvunguni zinahitaji kinga ya GFCI, inayokata umeme mkondo unapovuja. Usiiweke kinga hiyo ndani ya soketi ya uvunguni, kwa kuwa inatakiwa mahali panapofikika bila kutambaa. Mimi niliweka breka ya GFCI kwenye bodi ya umeme ghorofani. Ikikata usiku wa mvua, pampu itasimama kimyakimya, kwa hiyo nunua pia king’ora cha betri kinacholia maji yanapopanda.

Mwite mkaguzi kabla hujafunika chochote. Ukishapachika sufu ya kuzuia baridi kati ya boriti, atakuamuru uitoe, na anakuwa na haki. Akiridhika, funga soketi na taa, kisha omba ukaguzi wa mwisho, ambao kwangu ulichukua dakika 6, zikiwemo 2 za kumtafutia kalamu.